Kisa cha Fundi: seremala mhamiaji aliyeketi kiti cha mwenyekiti wa mji

## Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa mwandishi wa vikao katika halmashauri ya mji mmoja ulioko kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, mahali fulani kati ya Mafinga na Tunduma, Tanzania. Siku hizi nawafundisha madiwani wapya na watendaji wa kata, na nikifika kwenye somo la maslahi binafsi ya kiongozi huwa naacha vitabu na kusimulia kisa hiki. Jina la mji, la kata na la mhusika nimeyaondoa. Idadi na tarehe kadhaa ndogo nimezisogeza ili asitambulike. Yeye mwenyewe amesomewa andiko lote na ameridhia litoke.

Namwita Fundi, maana ndivyo mji mzima ulivyomwita hata siku alizovaa joho la baraza. Wengine walimwita Meya, ingawa kisheria cheo hicho ni cha manispaa na majiji, kama Iringa na Mbeya. Kwenye halmashauri ya mji, kama Makambako au Njombe, anayeongoza baraza la madiwani ni Mwenyekiti. Watu hawakujali tofauti hiyo, naye hakuwasahihisha.

## Usuli: sanduku la zana

Fundi alizaliwa kaskazini mwa Malawi, upande wa Karonga. Useremala alifunzwa na mjomba wake, ambaye naye alikuwa ameupata kwenye misheni ya Livingstonia, mahali palipotoa mafundi waliotawanyika nchi nyingi za kusini mwa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alivuka mto Songwe pale Kasumulu, akapita Kyela na Tukuyu, akatokea Uyole kwenye barabara kuu. Umri wake ulikuwa kama miaka 20. Begani alibeba sanduku la mbao lenye randa mbili, msumeno, patasi nne na tezo. Sanduku hilo bado analo, na mpini wa randa moja umelika hadi umechukua umbo la kiganja chake.

Lugha haikumsumbua sana. Kingonde cha kwao na Kinyakyusa ni ndugu wa karibu, na Kiswahili alikiokota njiani. Kazi nayo ilikuwapo. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976, miji ya kando ya reli na barabara ilikuwa inakua, na kila nyumba mpya ilitaka paa, milango na madirisha. Mbao za paina zilitoka mashamba ya miti ya Sao Hill, na fundi anayejua kuunga mbao kwa tundu na ulimi bila kutegemea misumari hakukaa siku mbili bila kazi.

Kibali cha ukaazi hakuwa nacho. Mwaka 1983 ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi na watu wakaanza kuulizwa wanafanya kazi gani na wapi, Fundi angeweza kurudishwa mpakani kwa siku moja. Aliyemwokoa ni balozi wa nyumba kumi, mzee aliyekuwa ametengenezewa kitanda na Fundi mwaka uliotangulia. Alimwandika kwenye daftari lake: fundi seremala, anaishi kwangu, namfahamu. Mstari huo mmoja ulimtosha kwa miaka mingi, na nadhani ndio uliompa imani aliyoishi nayo muda mrefu, kwamba mtu akikujua, karatasi si lazima.

Baadaye alioa binti wa hapo hapo. Biashara ilipofunguliwa nusu ya pili ya miaka ya 1980, alikata leseni kwa jina la mkewe, akafungua karakana, kisha duka la vifaa vya ujenzi, kisha akanunua mashine ya kuchania mbao. Hayo yalikwenda kama yanavyokwenda kwa mfanyabiashara yeyote mwenye bidii, sina haja ya kuyarefusha.

## Usuli: majeneza

Hapa nitakaa kidogo, maana bila sehemu hii mtu hawezi kuelewa kwa nini mji ulimpa kura.

Miaka ya 1990 UKIMWI uliichapa nyanda za juu kusini kuliko karibu sehemu nyingine zote za nchi. Hata mwaka 2007/08, utafiti wa taifa ulipoonyesha maambukizi ya asilimia 5.7 kwa nchi nzima, mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, ulikuwa na asilimia 15.7. Takwimu hizo zilikuja baadaye. Katika karakana ya Fundi, msiba ulijulikana kwa hodi ya saa saba usiku. Mtu anasimama mlangoni na kamba mkononi, kamba ina fundo moja linaloonyesha urefu wa marehemu.

Aliwasha karabai, akachagua mbao, akapima. Vijana wake wananiambia hakuwahi kumtajia mtu bei kabla ya kuanza kuranda. Akimaliza, jina la familia liliandikwa kwenye daftari la madeni, na daftari hilo likajaa. Kila mwisho wa mwaka, kati ya Krismasi na mwaka mpya, aliketi na mkewe wakapitia kurasa. Waliolipa walipigiwa mstari. Wasiolipa, aliichana kurasa yao na kuitia kwenye jiko la kuchemshia gundi. Mkewe aliniambia kuna mwaka walichana zaidi ya nusu ya daftari.

Wakati huo hakuwa raia wala mgombea wa kitu chochote. Lakini mwaka 2010 aliposimama jukwaani, waliomsikiliza walikuwa watoto wa familia zile.

## Karatasi ya kwanza: uraia

Mwaka 2003 mtoto wake wa kwanza aliomba pasipoti. Afisa uhamiaji alimwuliza kijana uraia wa baba yake, kijana akaenda kumwuliza baba. Fundi alijibu kwa utulivu: "Mke wangu Mtanzania, mimi nimekuwa Mtanzania kwa ndoa."

Hilo ni kosa ambalo nimelikuta kwa wanaume wengi wa mpakani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa njia ya ndoa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania haimpi. Watoto wake walikuwa raia kwa kuzaliwa nchini na mama raia. Baba yao alikuwa mgeni aliyekaa miaka zaidi ya 20.

Alikuwa na njia mbili. Rafiki mmoja alimshauri atafute cheti cha kuzaliwa cha Kyela, "kama wanavyofanya wengine," maana jina lake na lafudhi yake vingepita bila swali. Njia ya pili ilikuwa kujieleza uhamiaji, kukata kibali, kulipa alichotakiwa kulipa, kisha kuomba uraia wa tajinisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa maombi. Alichagua ya pili, na sababu aliyonipa ni ya kiseremala kabisa: "Mwanangu, mbao yenye ufa ukiipaka rangi inakaa vizuri mpaka siku mtu anapoikalia."

Tajinisi humtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema. Tangazo lake lilitoka gazetini ili mwenye pingamizi aseme. Alihojiwa ngazi moja baada ya nyingine. Kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ilimbidi aukane ule wa kwao, na mkewe anasema wiki ile alikula kidogo sana. Cheti kilitoka baada ya karibu miaka mitatu. Alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufungia ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati.

## Kutoka karakana hadi barazani

Mwaka 2010 alipitishwa na chama chake kugombea udiwani. Siku ya uteuzi ilipita salama. Kesho yake, saa chache kabla ya saa kumi jioni, muda wa mwisho wa kuweka pingamizi, mpinzani wake alipeleka barua kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi: huyu ni Mmalawi. Fundi aliitwa. Alikuja na kopo la biskuti chini ya kwapa, akalifungua mezani, akatoa cheti. Pingamizi likatupwa siku hiyo hiyo. Kama angekuwa na kile cheti cha Kyela, kisa kingeishia hapo, na pengine yeye angeishia mahakamani.

Mwaka 2012 mvutano wa Tanzania na Malawi kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa ulipopamba moto, diwani mwenzake alimwuliza ndani ya kikao ziwa ni la nani. Fundi alijibu kwamba cheti chake kina sahihi ya serikali hii, na habari za ziwa wako wakubwa wanaozishughulikia, tuendelee na ajenda ya maji. Tuliendelea.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 madiwani walimchagua kuwa Mwenyekiti kwa kura ya siri. Miezi ya mwanzo ilimchosha. Alizoea karakana, ambako akisema mbao hii ikatwe inakatwa. Mwenyekiti au Meya katika nchi yetu anaongoza baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi, lakini afisa masuuli, anayeidhinisha fedha na kujibu juu yake, ni Mkurugenzi. Zabuni zina bodi yake, na diwani hana kiti humo. Aliwahi kuniambia kwenye korido: "Nimepewa benchi la fundi, nyundo iko kwa mwingine."

## Madawati ya 2016: mfululizo wa mambo

Januari 2016 elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa. Watoto walifurika. Katika shule moja ya kata yake, darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, wengi wao sakafuni. Nilikuwa naye siku aliyoingia. Hakutoa hotuba. Alikaa chini sakafuni karibu na mtoto wa kike, akatoa futi mfukoni, akapima kutoka kisigino hadi goti, kisha akamketisha kwenye kiti cha mwalimu na kupima kutoka kitini hadi kiwiko. Aliandika vipimo kwa penseli kwenye kiganja.

Serikali ilikuwa imeagiza upungufu wa madawati umalizwe nchi nzima ifikapo 30 Juni 2016. Michango ilitoka kila upande. Hata Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 zilizookolewa kwenye matumizi yake. Sisi tulihitaji madawati karibu 2,000, na ilikuwa tayari Aprili.

Hapa ndipo ufundi wenyewe unapoingia, na watu wasioujua huliruka jambo hili wanaposimulia. Paina iliyotoka msituni jana ina maji mengi. Ukiipiga msumari ikiwa mbichi, itakauka, itanywea, msumari utalegea na mguu wa dawati utacheza. Kwetu baridi kavu ya Juni na Julai huikausha mbao kwa haraka upande mmoja, ikapinda. Mbao za inchi mbili zinataka miezi kadhaa kwenye kivuli, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Mjini kwetu, mwenye mbao kavu za kutosha madawati 2,000 alikuwa mmoja, naye alikuwa Mwenyekiti wa halmashauri.

Kamati ya Fedha na Uongozi ilikaa. Mkurugenzi alieleza kwamba karakana mbili zilizoulizwa kwa mdomo zingeweza kutoa madawati mia tatu kila moja kufikia Juni. Fundi, akiwa kwenye kiti cha mwenyekiti wa kikao, alisema: "Nitayatengeneza mimi. Nipeni bei ya mbao na posho za vijana. Faida sitaki hata senti." Kikao kilipiga makofi.

Afisa manunuzi, kijana mpole aliyekuwa na miezi minane kazini, aliinua mkono. Alisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tungepata nukuu za bei za maandishi kwanza." Diwani mmoja alimkata: "Watoto wako chini kwenye sakafu, wewe unatuletea nukuu?" Kijana akakaa. Mimi nikaandika: "Kamati iliafiki Mwenyekiti asimamie utengenezaji wa madawati." Nilijua kwamba mjumbe mwenye maslahi ya kifedha katika jambo lililo mezani anatakiwa na sheria ayatangaze na asishiriki. Nilijua, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda mzee huyu, na kwa sababu nilijiambia kila mtu mle ndani anajua karakana ni yake, kwa hiyo hakuna kilichofichwa.

Mei na Juni karakana haikulala. Umeme ulipokatika jenereta liliwashwa. Madawati yalitoka ya vimo viwili, yale madogo kwa vipimo vya kiganjani. Chini ya kila kiti iliandikwa kwa rangi nyekundu jina la shule na namba. Tarehe 27 Juni la mwisho lilipakiwa kwenye Fuso. Mji ulishangilia, na mkuu mmoja alikuja kupiga picha.

## Hoja

Wakaguzi walikuja kukagua hesabu za mwaka wa fedha 2015/16. Hoja yao ilikuwa na sehemu tatu. Ununuzi ulifanyika bila nukuu za ushindani. Hakuna mkataba wa maandishi zaidi ya hati ya manunuzi. Na mtoa huduma ni karakana ya Mwenyekiti, ambaye muhtasari wa kikao, yaani kumbukumbu nilizoandika mimi, unaonyesha aliongoza kikao kilichompa kazi, pasipo tamko lolote la maslahi.

Sehemu ya bei ilijibika. Binti yake alikuwa akitunza vitabu vya karakana, na stakabadhi za mbao, mafuta ya jenereta na posho zilionyesha kwamba alichodai ni gharama tupu, na kwa hesabu yangu alipata hasara. Sehemu ya tamko haikujibika, maana halikuwapo.

Usiku mmoja tulikutana wanne ofisini. Mmoja wetu alitoa wazo ambalo kila mwandishi wa vikao hulisikia siku moja katika maisha yake ya kazi: muhtasari uchapwe upya, iongezwe sentensi kwamba Mwenyekiti alitangaza maslahi na kutoka nje. Kurasa mbili tu. Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa umeshagusa kompyuta. Fundi alikataa. Alisema, "Kiungo kimeshakauka gundi. Ukikivunja sasa, mbao yenyewe itachanika, na itakayochanika ni ya huyu kijana," akinionyesha mimi.

## Matokeo

Halmashauri ilijibu kwa kukiri. Mkurugenzi alipewa onyo la maandishi. Malipo ya awamu ya mwisho yalisimamishwa hadi hoja ifungwe, na ilichukua zaidi ya mwaka. Vijana wa karakana walitaka posho zao, basi Fundi akauza Fuso.

Ukiri ule ulifunga hoja ya ukaguzi lakini haukufunga midomo. Kijiweni ilisemwa "Mmalawi amekula madawati." Neno la pili katika sentensi hiyo lilikuwa uongo, na la kwanza lilikuwa limekwisha kufutwa na cheti miaka kumi nyuma, lakini yakiwekwa pamoja yalitembea haraka kuliko barua yoyote ya Mkurugenzi. Mwaka 2020 alishindwa kura za maoni ndani ya chama chake. Alirudi karakana.

Mwaka 2019 nilizunguka na afisa elimu kata kuyahesabu madawati yale. Karibu tisa katika kila kumi yalikuwa yamesimama, viungo vimekaza. Katika kata ya jirani, ambako wazazi walichanga mbao mbichi ili kuwahi tarehe, mengi yalikuwa yamerundikwa nyuma ya choo cha walimu kufikia mwisho wa mwaka ule ule wa 2016.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, kilianza zamani mno kabla ya siasa. Mtu aliyekuja na sanduku la zana alipata mji kwa sababu aliwahudumia watu katika saa yao mbaya kuliko zote, na bila hesabu. Madiwani vijana hunisikia hivi na kuuliza wanunue nini wakati wa misiba. Sijui niwajibu vipi. Majeneza yale yalitengenezwa miaka kumi na zaidi kabla ya mtu yeyote kufikiri mhamiaji yule angegombea.

Uamuzi wa kuomba uraia kwa njia ya wazi ulimlinda mara mbili, 2010 na 2012. Uamuzi wa kukataa kuchezea muhtasari ulitulinda sisi wengine. Nauweka huu juu ya yote aliyoyafanya akiwa kiongozi, maana kukataa kulimgharimu yeye, na kuuchezea kungewapa nafuu ya haraka wote waliokuwa chumbani, na bado alikataa. Na uamuzi wa mbao kavu ulikuwa sahihi. Wako wenzangu wanaofundisha kwamba angejitoa kabisa, karakana yake isiguse kazi ya halmashauri. Siafikiani nao. Katika mji mdogo, mwenye uwezo wa kazi na mwenye cheo mara nyingi ni mtu mmoja, na watoto wangebaki sakafuni au wangepewa madawati ya kuchezacheza. Sheria yenyewe haikumfukuza. Ilimtaka aseme na atoke.

Kilichoshindwa ni zile dakika ishirini za kikao cha Aprili. Fundi aliamini kwamba kukataa faida kunafuta maslahi. Hakufuti. Mbao zake zilizolala uwanjani zilipata soko, vijana wake walipata kazi ya miezi miwili, jina lake lilipanda, na hayo yote ni maslahi hata kama mfukoni aliingia hasara. Kama angetangaza na kutoka, Makamu angekalia kiti, kamati ingezungumzia bajeti tu, na suala la nani atengeneze lingekwenda kwa Mkurugenzi na bodi ya zabuni. Haraka haikuwa kisingizio. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 iliruhusu ununuzi wa dharura, mradi sababu ziandikwe. Tulikuwa na sababu nzuri kuliko halmashauri nyingi. Hatukuziandika.

Kwa nini mtu aliyehangaika karibu miaka mitatu kutafuta cheti cha uraia hakuona haja ya sentensi mbili kwenye muhtasari? Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani karatasi ya uraia aliiona kama deni kwa serikali, akalilipa. Lakini mbele ya watu wa mji wake, aliowazika wazazi wao, kujieleza kwa maandishi aliona kama kuwashuku, au kukiri kwamba wao wanaweza kumshuku. Alirudi kwenye mstari wa balozi wa 1983: namfahamu. Na ukweli mchungu ni kwamba mzawa akifanya kosa hilo hilo, atasemwa mwizi kwa msimu mmoja, kisha ukoo utasimama naye. Fundi hakuwa na wajomba wala mashemeji wa kutosha kijiweni. Mhamiaji ndiye anayehitaji karatasi kuliko sote, na ndiye aliyezoea kuishi bila hizo.

Lipo pia kosa la watumishi, na silipunguzi. Afisa manunuzi alisema mara moja akanyamaza. Mimi sikusema hata mara moja. Mwandishi wa vikao hana kura, lakini anaweza kusogea na kumnong'oneza mwenyekiti sikioni, na Fundi, ninavyomjua, angesimama na kutoka papo hapo. Heshima yangu kwake ilimwacha bila msaada pale alipouhitaji.

Katika mafunzo siku hizi nawagawia madiwani ukurasa wangu halisi wa muhtasari, majina yamefutwa, na chini yake ukurasa wa pili jinsi ulivyopaswa kuandikwa: "Kabla ya ajenda namba 4, Mwenyekiti alitangaza kwamba ana maslahi katika karakana inayoweza kupewa kazi hii. Alitoka nje ya ukumbi saa 4:20 asubuhi. Makamu Mwenyekiti aliongoza. Kamati ilipitisha bajeti na kumwagiza Mkurugenzi afuate taratibu za ununuzi, akieleza sababu za dharura kwa maandishi."

Mwezi uliopita nilimpelekea Fundi kurasa hizo karakanani. Aliweka miwani, akasoma zote mbili polepole, akafuta vumbi la mbao kwenye ule wa pili kwa upande wa mkono. Kisha akachukua penseli iliyokuwa sikioni.

"Mwanangu, hapa umesahau kitu," alisema. "Hukuandika saa niliyorudi ndani."